Jengo la Maseremala wa Philadelphia: Wapangaji Wengi, Mwenye Nyumba Mmoja

Ukisoma habari za Carpenters' Hall, ukumbi wa maseremala wa Philadelphia, karibu kila mwandishi ataanza na tarehe 5 Septemba 1774, siku wajumbe wa makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini walipoingia humo kufanya Kongresi yao ya kwanza, mkutano wa pamoja wa kujadili ugomvi wao na Uingereza. Sina ugomvi na tarehe hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba wenye ukumbi hutajwa mara moja kisha wakasahaulika, ilhali bila wao na bila akili yao ya biashara jengo lenyewe lingekwisha kubomolewa zamani. Nataka niisome historia hii kutoka upande wa mwenye nyumba.

Chama cha Maseremala wa Jiji na Kaunti ya Philadelphia kilianzishwa mwaka 1724, miaka 42 tu baada ya mji wenyewe kuasisiwa. Kilifuata mfano wa chama cha maseremala wa London, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1477. Wanachama wake hawakuwa watu wa kuranda mbao kwa ujira wa siku. Walikuwa mafundi wakuu, wenye karakana zao, wanagenzi na mafundi wa kuajiriwa chini yao. Siku hizi tungewaita wakandarasi. Aliyetaka nyumba alimwendea mmoja wao, na huyo ndiye aliyechora ramani, akakadiria gharama, akatafuta mbao, akakusanya watu na kuisimamia kazi mpaka paa likakamilika.

Tatizo lao kubwa lilikuwa malipo. Nyumba ikishasimama, nani aseme kazi ile ina thamani gani? Mteja ataona ametozwa mno, fundi ataona amepunjwa, na kila mmoja ana hoja. Chama kikajibu kwa kuweka wapimaji. Walifika kwenye jengo lililokamilika wakaipima kazi kipande kwa kipande, kuanzia sakafu na ngazi hadi milango, madirisha na mapambo ya mbao, kisha wakaithamini kwa bei ambazo chama kilikuwa kimekubaliana. Mteja alijua hakukadiriwa kwa kuangaliwa usoni, na fundi alijua jirani yake hatamwibia kazi kwa kushusha bei. Huu ulikuwa utaratibu mzuri na naamini ndio uliokipa chama heshima mjini.

Lakini ulikuwa na upande wa pili. Bei hizo zilipochapishwa katika kitabu mwaka 1786, pamoja na michoro, kitabu kilikuwa cha wanachama peke yao. Mwanachama akifariki, nakala yake ilipaswa kurudishwa chamani. Thomas Jefferson, mtu aliyekwisha kuwa Rais wa Marekani, alipoitafuta nakala wakati akijenga Chuo Kikuu cha Virginia, hakupewa. Hao ndio watu waliojenga ukumbi tunaouzungumzia: waadilifu wa kipimo, na wakali wa kufunga mlango. Ukishika nusu moja tu ya tabia yao, historia ya jengo hutaielewa.

Kwa zaidi ya miaka 40 chama hicho cha wajenzi hakikuwa na jengo lake. Mwaka 1768 kikapata kiwanja kando ya Mtaa wa Chestnut, na ujenzi ukaanza mwaka 1770 kwa mchoro wa mwanachama wao Robert Smith. Smith alizaliwa Dalkeith, Scotland, mwaka 1722, na kwa wakati ule hakuwa na mshindani mjini: yeye ndiye aliyesimamisha mnara wa kanisa la Christ Church, na ndiye aliyesanifu Nassau Hall, jengo la chuo cha Princeton. Kwa wenzake alichora jengo la ghorofa mbili lenye umbo la msalaba wa mikono iliyo sawa, futi 50 kutoka ncha hadi ncha, na kijumba cha mnara juu ya paa. Umbo hilo si la bure. Pembe nne zikikatwa kwa ndani, kila mkono wa msalaba unapata madirisha ya pande tatu, na chumba cha katikati kinajaa mwanga. Ukutani matofali yamepangwa kwa kupokezana, moja limelazwa urefu na linalofuata limeonyesha kichwa, safu juu ya safu. Upangaji huo unakula muda na unataka mkono mtulivu, kwa sababu kosa dogo la safu ya kwanza litaonekana mpaka juu. Mteja aliyekuja hapo kuzungumza habari za nyumba yake hakuhitaji kuonyeshwa kitu kingine.

Wakaanza kukutana ndani Januari 1771, kazi ikiwa bado haijaisha. Na hapa ndipo jambo ninalolipigia mstari linapoanza. Mwaka 1773, kabla jengo halijakamilika, ghorofa ya juu ilikwisha kupangishwa kwa Library Company, maktaba iliyoanzishwa na Benjamin Franklin na wenzake mwaka 1731. Ikakaa humo mpaka mwaka 1790. Maseremala walikuwa na deni la ujenzi, nao walijua ukumbi unaotumiwa na wenyewe tu ni mzigo. Ukumbi wenye mpangaji hujilipia paa lake.

Sasa tuje kwenye Kongresi. Asubuhi ile ya Septemba wajumbe walikutana katika mgahawa wa City Tavern. Mbele yao kulikuwa na majengo mawili. Joseph Galloway, spika wa baraza la koloni la Pennsylvania, alikuwa amewapa Jengo la Serikali, lile ambalo leo linaitwa Independence Hall: kubwa, la heshima, ndilo kikao cha baraza lenyewe. Maseremala nao walikuwa wametoa ukumbi wao. Wajumbe wakatoka kwa miguu kwenda kuutazama wa maseremala kwanza. Shajara ya John Adams, mjumbe wa Massachusetts, inaeleza walichokiona: chumba, maktaba nzuri, ushoroba mrefu wa kutembelea huku watu wakizungumza, na chumba kingine mkabala na maktaba. Wakasema panafaa, na safari ya kwenda kulitazama Jengo la Serikali ikaishia hapo. Siku hiyohiyo wakamchagua Charles Thomson, hasimu wa kisiasa wa Galloway, kuwa katibu wao.

Galloway hakukosea kuyasoma hayo. Alilalamika kwamba mambo yote mawili yalikuwa yamepangwa nje ya kikao. Alitaka maridhiano na Uingereza, na alijua kwamba mkutano unaofanyika chini ya paa la baraza lake ungekuwa, kwa kiasi fulani, mkutano wake. Mpango wake wa muungano wa makoloni na Uingereza ukawekwa kando kwa tofauti ndogo ya kura. Baadaye alisimama upande wa Mfalme na akaishia kuhamia Uingereza.

Wengi wanaueleza uchaguzi wa ukumbi kama ishara ya heshima kwa mafundi wa mji. Ishara ilikuwepo, nakubali. Kilichokuwa kikifuata ni mgomo wa biashara: mkataba uliotiwa saini tarehe 20 Oktoba 1774 ulisitisha kuingiza bidhaa za Uingereza kuanzia tarehe 1 Desemba mwaka ule. Mgomo wa namna hiyo hauwezi kusimama kwa azimio la mabwana wenye mashamba tu. Unawategemea wenye karakana na wenye maduka mjini. Kukaa kwenye ukumbi wao kulikuwa kuwaambia kwamba wanahesabiwa.

Hata hivyo naona sababu yenye uzito zaidi ni umiliki. Mwezi Mei mwaka uleule gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alilivunja baraza la koloni lake kwa sababu ya azimio la kuwaunga mkono watu wa Boston, na wajumbe wakalazimika kuhamia Raleigh Tavern kuendelea na mazungumzo. Waliokuja Philadelphia kutoka Virginia walikuwa wamekwisha kuyaonja. Jengo la serikali lina mwenyewe, na mwenyewe akikasirika milango inafungwa. Cha kuazima hakisitiri, walisema wazee. Ukumbi wa maseremala haukuwa wa gavana, haukuwa wa baraza, wala haukuwa wa kanisa. Ulikuwa mali ya watu waliochanga fedha zao, na watu hao walikuwa tayari kuubeba mzigo wa kuwakaribisha wageni ambao serikali ya London ingeweza kuwahesabu waasi. Kwa wajumbe 56 kutoka makoloni 12 (Georgia haikutuma mtu), hiyo ilikuwa thamani kubwa kuliko chumba kikubwa.

Nisilipambe jambo lenyewe, lakini. Ni mwanachama mmoja tu wa chama, Samuel Rhoads, aliyeketi kama mjumbe katika chumba cha wenzake. Roger Sherman wa Connecticut alikuwa ameshona viatu ujanani, basi. Wengi wa wengine walikuwa wanasheria, wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa, baadhi yao wakimiliki watumwa. Maseremala walitoa paa.

Miezi 14 baada ya Kongresi kuondoka, ghorofa ya juu iliona kikao kingine ambacho mimi nakiweka karibu sawa kwa umuhimu. Desemba 1775 alifika mjini Mfaransa Julien Achard de Bonvouloir, akijitambulisha kama mfanyabiashara tu, huku ametumwa kupeleleza hali. Franklin na wenzake wa kamati ya mawasiliano ya siri walikutana naye usiku katika vyumba vya maktaba, na mtunza maktaba Francis Daymon, mzaliwa wa Ufaransa, akawa mkalimani. Hakuahidi kitu rasmi, lakini taarifa aliyoipeleka kwa serikali yake ilikuwa sehemu ya yaliyoifanya Ufaransa ianze kutuma silaha kwa siri, na mwaka 1778 kukawa na mkataba wa wazi. Ni mpangaji wa ghorofa ya juu aliyewezesha hayo. Watu wanaoingia maktaba jioni hawamshtui yeyote.

Juni 1776, kuanzia tarehe 18 hadi 25, mkutano wa jimbo ulikaa katika ukumbi huo, ukaunga mkono uhuru na kuandaa njia ya katiba mpya ya Pennsylvania. Kisha vita vikaingia mjini wenyewe, na jengo likatumika kama hospitali.

Baada ya vita maseremala wakarudi kwenye hesabu zao. Mwaka 1791 wakajenga jengo dogo kando, New Hall, na ule ukumbi mkubwa wakaupangisha kwa Benki ya kwanza ya Marekani, taasisi aliyoipigania waziri wa fedha, Alexander Hamilton. Benki ikafungua milango humo Desemba 1791 na kukaa hadi 1797, ilipohamia jengo lake. New Hall nayo ikapangishwa kwa ofisi ya Wizara ya Vita. Kwa hiyo kwa muda fulani fedha za nchi mpya na jeshi lake vilikuwa wapangaji wa chama kimoja cha ufundi, katika ua mmoja. Ukitafuta kipimo cha nguvu ya chama hiki, hicho kinatosha.

Ila mwaka huohuo, 1791, kuna tukio lingine ambalo kumbukumbu za ukumbi hazilipendi sana. Mwezi Mei mafundi seremala wa kuajiriwa wa Philadelphia waligoma. Madai yao yalikuwa siku ya kazi ya saa 6 asubuhi hadi saa 6 jioni kwa saa za kizungu, na mapumziko ya saa mbili ya kula. Yaani saa kumi za kazi. Malalamiko yao yalikuwa ya wazi kabisa. Kiangazi, jua linapochelewa kuzama, mabwana waliwalipa kwa siku, na siku ikawa ndefu kadiri mwanga ulivyoruhusu. Majira ya baridi, siku zinapofupika, waliwalipa kwa kipande cha kazi. Kila majira yalipobadilika, hesabu iligeuzwa upande wa bwana. Wagomaji wakatangaza kwamba wako tayari kuwajengea watu nyumba wenyewe, kwa robo chini ya bei za mafundi wakuu.

Mafundi wakuu hao ndio waliokuwa na ukumbi. Mgomo ulishindwa, na siku ya saa kumi ilisubiri miaka mingi. Siwezi kuipita habari hii haraka, kwa sababu inagusa kiini cha kile chama cha ufundi kilivyo. Jengo lililowapa wajumbe mahali pa kusemea dhidi ya Mfalme lilikuwa pia mahali ambapo waajiri walikubaliana bei, huku waajiriwa wao hawana chumba chao wenyewe cha kukutana. Umiliki uleule uliozaa uhuru kwa kundi moja uliweka ukuta mbele ya kundi jingine. Wachambuzi wanaoupenda ukumbi huu huuacha upande huo, na wanaowachukia waajiri huacha ule wa kwanza. Mimi naona vyote viwili viko katika hati moja ya kiwanja.

Kisha ukaja wizi. Benki ya kwanza ilipohama, Benki ya Pennsylvania ikaingia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1798 zilitoweka humo dola 162,821, bila mlango kuvunjwa. Mji ulikuwa katikati ya janga la homa ya manjano, watu wengi wamekimbia. Nani alishukiwa? Patrick Lyon, mhunzi, kwa sababu ndiye aliyeshughulikia milango ya chuma na kufuli za hazina. Alikuwa ameondoka mjini kuikimbia homa. Aliposikia anatafutwa alirudi mwenyewe kujieleza. Wakamtia ndani miezi mitatu katika jela ya Walnut Street, jengo ambalo, kwa mkasa wa ajabu, mchoraji wake alikuwa Robert Smith yuleyule wa ukumbi.

Mwizi wa kweli alikuwa Isaac Davis, akishirikiana na Thomas Cunningham, mtu wa ndani ya benki aliyelala humo usiku ule. Cunningham alikufa kwa homa siku chache baadaye. Davis alijifichua mwenyewe kwa kuanza kuweka fedha nyingi kwenye mabenki, ikiwemo ileile aliyoiibia. Alikiri, akarudisha fedha, na hakufungwa. Lyon, ambaye hakuwa amekosa lolote, hakuachiwa mara moja hata baada ya kukiri huko. Mwaka 1805 baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya dola 12,000, na mwishowe akakubali 9,000.

Kilichonigusa zaidi ni alichokifanya baadaye. Lyon alitajirika kwa kutengeneza mashine za kuzimia moto. Alipomwendea mchoraji John Neagle miaka ya 1820 ili achorwe picha yake, alikataa kuvikwa kama bwana mkubwa. Alitaka achorwe akiwa kazini, na aproni yake ya ngozi, mikono wazi, kando ya fuawe na moto. Na dirishani, nyuma yake, unaonekana mnara wa jela ya Walnut Street. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya ustadi wake alihakikisha ustadi na jela vinakaa katika picha moja. Kwangu hiyo ni sehemu ya historia ya ukumbi kama zilivyo hotuba za Patrick Henry, mjumbe wa Virginia katika Kongresi ile.

Wapangaji waliofuata sina haja ya kuwaorodhesha wote. Kuanzia mwaka 1828 walikuwemo madalali, na kwa karibu miaka 30 chumba cha Kongresi kilikuwa cha mnada. Wapo wanaoona aibu kusimulia miaka hiyo. Mimi naiona ndiyo iliyoliokoa jengo. Tazama yaliyoyapata majengo mengine ya habari hiihii. City Tavern walikotokea wajumbe asubuhi ile ilibomolewa mwaka 1854; iliyopo leo ni ya kujengwa upya. Nyumba ambamo Jefferson aliliandika Azimio la Uhuru ilibomolewa mwaka 1883, na iliyopo pale nayo ni ya kujengwa upya. Hata Jengo la Serikali lenyewe, jimbo la Pennsylvania lilikuwa tayari kuuza uwanja wake vipande vipande, mpaka jiji likalinunua kwa dola 70,000 mwaka 1818. Hayo yalikuwa majengo ya wamiliki binafsi na ya serikali, wenye mioyo ya kizalendo bila shaka, na bado nyundo iliwafikia au ikawakaribia. Ukumbi wa maseremala ulikuwa na paa zima kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtu anayelipa kodi, na mwenye nyumba aliyejua kukarabati kwa mkono wake.

Mwaka 1857 chama kikaacha kuupangisha, kikautengeneza na kuufungua kwa wageni. Bunge la Marekani lilipopitisha mwaka 1948 sheria ya kuunda hifadhi ya kihistoria ya Independence, ukumbi ukaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi, lakini chama hakikuuza. Mpaka leo ni mali yake. Wanachama wa sasa ni wasanifu, wahandisi na wajenzi. Mkesha wa Krismasi 2022 mtu aliwasha moto kwa makusudi katika ghorofa ya chini ya ardhi. Jengo likanusurika, likarekebishwa, na mwaka 2024 likawa tayari kwa miaka 250 ya Kongresi.

Ndani wageni huonyeshwa viti vya mbao vinavyohusishwa na Kongresi ile. Ningependa kando ya viti hivyo wasomewe pia madai ya mafundi wa kuajiriwa wa Mei 1791, neno kwa neno, pamoja na ukurasa mmoja wa kitabu cha bei cha 1786. Vilitoka kwa watu wa fani moja, katika mji mmoja, kwa tofauti ya miaka mitano. Chama kinachomiliki ukumbi ndicho chenye uwezo wa kufanya hivyo, na hakihitaji kibali cha mtu.